Umebeba nini unapokwenda kumwona aliyepasuliwa?



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko wa parokia moja kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande ule wa migomba na kahawa. Alhamisi moja nikaletewa habari kwamba mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo ametoka hospitali mjini Arusha, ambako alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi. Jumapili yake, baada ya Misa ya pili, nikatangaza mbele ya waamini wote: twendeni tukampe pole mwenzetu.

Tulikwenda watu wapatao arobaini. Kwaya ilikwenda na sare zake. Tulibeba kreti mbili za soda, sukari, mchele, sabuni za miche, na picha kubwa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyotiwa fremu. Tuliimba tangu barabarani mpaka uani kwake. Nikavaa stola, nikasali sala ndefu. Mwenyekiti wa jumuiya akatoa hotuba. Katibu akasoma orodha ya waliochanga, jina kwa jina, na kiasi cha kila mmoja. Wakati katibu anaendelea kusoma, yule mama hakuwa tena kwenye kiti chake. Alikuwa jikoni, amejifunga kanga kiunoni, anapuliza moto.

Unajua mila zetu. Mgeni haondoki hivi hivi, na mgeni akiwa paroko na kwaya nzima, hata kidogo. Tulikunywa chai. Mimi nilikunywa vikombe viwili na nikaisifia tangawizi.

Usiku ule kidonda kilifumuka. Aliteremshwa mjini kwa pikapu ya jirani, katika barabara ambayo hata mtu mzima wa afya huishuka ameshikilia kiti, akalazwa tena siku tisa. Daktari hakusema kwamba ni chai yetu, na mimi si daktari. Lakini nililiona lile sufuria, na najua nani aliliinua kutoka motoni. Alipona, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kumwona wodini, safari hii peke yangu, jambo la kwanza alilofanya ni kuniomba radhi. “Nisamehe, Baba Paroko. Siku ile niliwapa chai kavu, hata kitafunwa sikuwawekea.”

Nimehubiri habari ya binti Yairo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Iko katika sura ya tano ya Injili ya Marko, na tulipokuwa seminari tuliichambua mstari kwa mstari. Nilijua mwanamke mwenye kutokwa damu anaingiaje katikati ya habari hiyo, na kwa nini Mwinjili anatunza yale maneno ya Kiaramu. Sikuwahi kuona kitu kimoja cha kawaida kabisa, mpaka niliporudi kutoka wodini siku ile nikaisoma tena nyumbani. Bwana anapofika kwa Yairo anakuta umati na kelele. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuwatoa nje. Chumbani anaingia na baba, mama na wanafunzi watatu tu. Na binti anapoinuka, watu wote wakiwa wameduwaa kwa mwujiza, Yeye anafikiria tumbo la mtoto. Anaagiza apewe chakula. Hapo ndipo Marko anapofungia habari yenyewe.

Tulikuwa tumefanya kinyume. Tuliingiza umati, tukapiga kelele, halafu mgonjwa ndiye aliyetulisha.

Kibaya zaidi, sisi wahubiri tuna Injili nyingine tunayoitumia vibaya hapa: ile ya mama mkwe wa Petro, aliyeponywa homa akainuka na kuwahudumia. Nimewasikia wenzangu, na mimi mwenyewe nimo, tukimsifu kana kwamba kila mama mgonjwa anapaswa kuinuka na kuhudumia. Tunasahau kwamba yule aliponywa kabisa, kwa mkono wa Bwana mwenyewe. Mwenye nyuzi tumboni bado anaponywa. Ukimwona anasimama kukuandalia, mrudishe kitini, hata ikibidi uwe mkali.

Baadaye binti wa yule mama aliniambia kitu kilichokuwa kinamnyima mama yake usingizi. Kilikuwa ng'ombe. Pale mlimani wengi wetu tunafuga ndani, ng'ombe mmoja au wawili bandani, na ng'ombe wa ndani hajui kama mwenye nyumba amepasuliwa. Anataka majani asubuhi na jioni. Daktari alikuwa amemwambia mama asiinue kitu kizito kwa wiki sita, kama wanavyoambiwa wengi waliopasuliwa tumbo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20. Mzigo wa majani mabichi kichwani unaweza kupita hapo. Sisi watu arobaini tuliruka mabanda yake tukiimba, na hakuna aliyeuliza nani anakata majani.

Aliyeuliza alikuwa kijana wa jirani, ambaye hata si Mkatoliki. Aliporudi mama kutoka hospitali mara ya pili, yule kijana alileta mzigo wa majani kila jioni, akautupa bandani, akaondoka. Hakuingia ndani. Hakuna katibu aliyesoma jina lake.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, “Padre, nimpelekee nini mgonjwa wangu aliyepasuliwa?”, nakujibu kwa swali: ni nini alichokuwa anakifanya kila siku ambacho sasa hawezi? Anza hapo. Kama hujui, usimuulize yeye, maana atakwambia hana shida. Waulize watoto wake. Watoto hawajui adabu ya kuficha.

Wodini mambo ni tofauti kidogo na nyumbani. Ukienda Hospitali ya Mount Meru, au ya Mtakatifu Elizabeth, au Nkoaranga kule mlimani, utaona geti la saa za kuona wagonjwa limejaa watu wenye hotpoti na chupa za chai. Ni picha inayonifurahisha kila ninapoiona. Nchi nyingine mgonjwa hulishwa na hospitali, kwetu hulishwa na upendo wa shangazi. Lakini kabla hujafungua kifuniko cha hotpoti, muulize muuguzi: ameruhusiwa kula nini? Tumbo lililopasuliwa huwa limelala, na huamshwa pole pole, kwa maji, kwa uji mwepesi, kwa supu. Nyama choma ya Jumamosi isubiri. Soda nayo ina gesi, na tumbo lenye nyuzi likijaa gesi ni mateso. Kama mgonjwa ana kisukari, ile kreti yako ni adui, kwa sababu sukari ikipanda kidonda huchelewa kufunga.

Akiruhusiwa kula, hapo ndipo mlima wetu unapokuwa tajiri. Nenda Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, ununue ndizi mshare, na nyama kidogo, umpikie mtori. Mababu zetu waliuweka mtori kuwa chakula cha mzazi, na sioni kwa nini mwingine aliyekatwa tumbo anyimwe. Mwili unaojenga nyama mpya unahitaji mayai, maziwa, maharage, samaki. Unahitaji pia matunda na mboga, kwa sababu baadhi ya dawa kali za maumivu hufunga choo, na mtu mwenye nyuzi hapaswi kusukuma. Papai moja lililoiva linaweza kuwa zawadi ya heshima kuliko keki. Dawa za miti shamba, hata kama zilimsaidia bibi yako, usimpenyezee chini ya shuka bila daktari kujua. Nyingine zinagongana na dawa za hospitali.

Ndugu zetu Waarusha na Wamaasai wana kitu kinaitwa orpul. Mtu anayetakiwa kurudishiwa nguvu huenda porini pamoja na wenzake, mnyama huchinjwa, nyama huliwa, supu huchemshwa na mizizi na magome. Watu wa nje huishangaa ile supu. Mimi hunivutia zaidi kwamba wenzake hukaa naye huko siku hizo zote, na kwa siku hizo hakuna anayemtafuta kwa kazi za boma.

Turudi wodini. Kandambili ni zawadi, kwa sababu wengi huingizwa hospitali ghafla na viatu vya kazi. Chaja ya simu yenye waya mrefu ni zawadi, maana soketi haiko karibu na kitanda. Kwa mama, dera pana, lisilobana kiunoni, linalovaliwa bila kuinua sana mikono. Na kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii: mto mdogo, mgumu kiasi. Aliyepasuliwa tumbo akitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, anaukumbatia mto ule juu ya kidonda na maumivu hupungua. Hata ndani ya gari, akirudi nyumbani kwa barabara yenye mashimo, atauhitaji. Fundi cherehani yeyote Kilombero anaweza kukushonea kwa mabaki ya kitenge.

Maua? Nitakwambia kitu cha kuchekesha. Waridi zimelimwa hapa hapa kwetu, Usa River na Tengeru, zikapanda ndege kwenda Uholanzi kuwafurahisha wagonjwa wa huko. Sisi tuliozilima tunapeleka ndizi. Sioni aibu yoyote. Ila kama mgonjwa wako ni mtu wa maua, mpelekee akisharudi nyumbani, kwani wodi nyingine haziyaruhusu.

Iko zawadi nyingine ambayo haifungwi kwenye mfuko, nayo ni damu. Mara nyingi ndugu wa mgonjwa wa upasuaji huombwa wachangie damu ili akiba ya hospitali isikauke, na ndipo simu za jamaa zinapoanza kuzimwa. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Sisi tunaoinua kikombe altareni na kutamka habari ya damu iliyomwagwa kwa ajili ya wengi, tungepaswa kuwa wa kwanza kukunja shati mkono. Ninaandika hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe nilianza nikiwa nimeshapita miaka arobaini.

Pesa nazo si zawadi ya mtu asiyejali, kama wengine wanavyodhani. Msamaria mwema alimwaga mafuta na divai, lakini pia alitoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, mshahara wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Ukituma kwa simu, tuma pamoja na ya kutolea. Usimfanye mgonjwa akatwe tena. Na kumbuka kwamba gharama haziishi siku ya kuruhusiwa: kuna siku ya kusafisha kidonda, siku ya kutoa nyuzi, siku ya kurudi kliniki. Kwa mtu wa Ilkiding'a au Nkoaranga, safari hiyo kwa bodaboda ni adhabu. Ukimwambia, “Jumanne nitakuwa hapa saa moja asubuhi na gari, nitakusubiri mpaka umalize,” umempa kitu kikubwa kuliko picha yetu ya fremu. Ila uje kweli. Mgonjwa huhesabu siku.

Nisisahau zawadi mbaya ambayo wengi tunaibeba bila kujua, yaani maneno. Mtu ametoka juzi kwenye nusu kaputi, wewe unakaa kitandani kwake, tena kitandani kabisa, unamsimulia jirani aliyepasuliwa ugonjwa huo huo akazikwa Ijumaa. Wengine humwambia kwamba angekuwa na imani asingekatwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaagiza daktari aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na anasema dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Bwana. Kwenda kupasuliwa si upungufu wa imani. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri sana siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua midomo.

Hata hivyo, lazima nikiri kwamba kanuni yangu ya kumpa mgonjwa kile anachohitaji ina mtu mmoja anayeitikisa. Mei 1521 askari mmoja Mhispania alivunjwa mguu kwa kombora la mzinga akiilinda ngome ya Pamplona. Mfupa uliungwa vibaya, ukavunjwa upya, ukaungwa tena, bila ganzi, maana haikuwepo. Kisha akaona kipande cha mfupa kimechomoza chini ya goti, kitamwaibisha akivaa buti zake za kijana wa jumba la kifalme, akaamuru kikatwe nacho. Miezi ya kulala ilipomchosha, akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa na mabibi wazuri. Nyumbani havikuwepo. Wakampa walivyokuwa navyo: kitabu cha maisha ya Kristo, na kingine cha maisha ya watakatifu. Mtu yule ni Inyasi wa Loyola, na kutoka kitanda kile ndipo ilipoanza safari iliyozaa Shirika la Yesu, lililokubaliwa na Papa mwaka 1540. Aliomba kitu kimoja, akapewa kingine, na Kanisa zima likafaidika. Basi mpelekee kitabu ukipenda. Usimpelekee cha kumhubiria tu. Mwenye maumivu husoma kurasa mbili akalala. Redio ndogo nayo ni mwenzi mzuri saa nane za usiku.

Zamu yangu ilifika miaka miwili iliyopita. Ngiri. Ngiri haichagui cheo. Juni 2023 hata Papa Fransisko alipasuliwa ya kwake. Niliporudi nyumba ya mapadre nilijifunza kwa mwili wangu mambo ambayo nilikuwa nimeyaandika kwa kichwa. Nilipata kadi nzuri, nilipata mbuzi wawili, nilipata wageni mpaka nikawa natamani kurudi wodini nikapumzike. Padre mwenzangu alizichukua Misa zangu zote za vigango na hakuniambia hata mara moja kwamba amechoka.

Lakini zawadi ninayoikumbuka kuliko zote ililetwa na mzee mmoja seremala, mtu wa maneno machache. Aliingia chumbani, akanisalimia, akaniangalia nikijaribu kuinuka. Kitanda changu kilikuwa cha chini, cha vijana, na kila nilipotaka kusimama ilikuwa lazima nijikunje pale pale penye kidonda. Mzee hakusema kitu. Akatoa futi mfukoni, akapima miguu ya kitanda, akaondoka. Nikadhani amechukizwa. Jioni akarudi na vipande vinne vya mbao ngumu, kila kimoja kimechimbwa tundu katikati, akaomba vijana wawili wanyanyue kitanda nami nikiwa nimekaa kwenye kiti, akavipachika. Kitanda kikapanda kama shubiri moja. “Jaribu, Padre.” Nikakaa, nikasimama. Nikakaa tena. Machozi yalinitoka na sikuweza kumweleza kwa nini. Alikaa chumbani labda dakika kumi kwa jumla, na alikataa chai.

Wiki ya pili, Jumatano jioni, alikuja mgeni mwingine. Nilikuwa nimehamishwa parokia miaka mingi, kwa hiyo amepanda daladala mbili kutoka kule mlimani. Alikuwa amezeeka kidogo, anatembea vizuri. Alikuwa peke yake. Mkononi ana hotpoti iliyofungwa kwa kanga.

Niligeuka kumwita mpishi wetu amwekee maji jikoni. Akanizuia kwa kiganja.

“Aa, Baba Paroko, kaa hivyo hivyo. Chai nimekunywa nyumbani.”

Akafungua hotpoti. Ulikuwa mtori, bado wa moto. Akaninawisha mikono, akakaa kwenye kile kiti mpaka nilipomaliza bakuli, hakuniuliza lolote kuhusu kidonda, akaosha kijiko, akaniomba baraka, akaondoka kuwahi gari kabla ya giza. Vikombe viwili vya tangawizi sikuvitaja, wala yeye.